Dirisha moja lililoachwa wazi usiku: kisa cha Cygwin kwenye diski ya mtandao

“Kaka, ls leo haitoi chochote.”

Ujumbe huo wa mwenzangu ndio ulioanza siku. Nilimwambia aangalie yuko kwenye folda gani, huenda ni tupu. Akajibu kwamba ameshajaribu folda tatu. Nikaenda mezani kwake kuona mwenyewe. Dirisha la amri la Cygwin lilifunguka kama kawaida na alama ya `$` ikakaa pale ikisubiri. Ukiandika `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, na kubonyeza Enter, `$` nyingine inatokea chini yake, basi. Hakuna orodha wala ujumbe wa kosa. `grep`, ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, nayo vivyo hivyo. `find` ilifanya kazi bila tatizo. Nikaandika `echo $?`, inayoonyesha namba ya matokeo ya amri iliyotangulia, mara baada ya `ls`, ikatoa 127, namba ambayo kwa kawaida bash (programu inayosoma amri unazoandika) huitoa pale inapokosa amri uliyoitaja. Lakini `ls.exe` ilikuwepo, naiona kwenye folda yake upande wa Windows, ina ukubwa wake na tarehe ya jana usiku.

Hiyo tarehe ya jana usiku ndiyo iliyonishtua. Usiku ule nilikuwa nimefanya sasisho.

Kwanza nieleze mpangilio wetu ulivyokuwa. Kompyuta zetu zote ni za Windows, lakini kazi yetu inategemea skripti za bash, awk, rsync, make na ndugu zao. Cygwin ndiyo iliyotuwezesha. Ni mradi wa zamani: ulianza mwaka 1995 katika kampuni ya Cygnus Solutions, na moyo wake ni faili moja la maktaba (DLL), `cygwin1.dll`, linalozifanya programu zilizoandikwa kwa ajili ya Unix zidhani zipo nyumbani huku kumbe zinaendeshwa na Windows. Kila programu ya Cygwin unayoiita, iwe `ls` au `ssh`, hupakia DLL hiyo kwanza. Badala ya kusakinisha Cygwin kwenye kila mashine, tuliiweka mara moja tu kwenye seva ya mafaili, Linux yenye Samba (programu inayozifanya folda zake zionekane kwenye Windows), na kila mtu akaipata kupitia diski ya mtandao yenye herufi Z:. Nakala ni moja na mahali pa kurekebisha ni pamoja. Mtu mpya akija, anabofya njia ya mkato na kuanza kazi dakika hiyo hiyo. Nilipenda sana mpango ule, na bado naupenda.

Tatizo la asubuhi ile lilijitokeza wazi nilipotumia `cygcheck`. Hii ni amri ya kushukuru Mungu kuwa nayo, kwa sababu, tofauti na nyingine karibu zote, yenyewe haitegemei `cygwin1.dll`. Ni programu ya Windows halisi, kwa hiyo hata mfumo wote ukilala yenyewe inaamka. `cygcheck -c cygwin` husoma daftari la vifurushi vilivyosakinishwa, na daftari likasema tuna toleo la 3.5. `cygcheck -s` huifungua DLL yenyewe na kuiuliza umri wake, nayo ikasema 3.4. Daftari na faili vilikuwa vinapingana. Nikatazama ndani ya folda ya `bin` na kukuta mafaili mawili kando kwa kando: `cygwin1.dll` ya tarehe ya zamani, na `cygwin1.dll.new` ya jana usiku. Pembeni yake palikuwa na `bash.exe.new`, `mintty.exe.new` (mintty ndilo dirisha lenyewe la amri), na maktaba chache ambazo bash huzitumia, zote zina mkia huo huo wa `.new`.

Hapo picha ikakamilika. `ls` na `grep` zilikuwa mpya, zimejengwa zikitarajia DLL mpya, na zilipofika zikakuta DLL ya zamani isiyo na baadhi ya kazi zinazozitafuta. Windows ikakataa kuzianzisha, na kwa kuwa zimeitwa kutoka ndani ya bash, kukataa huko hakukuonyeshwa kwa kisanduku chochote. Zinarudi kimya. `find` haikuguswa na sasisho, ndiyo maana ikaendelea kuishi kwa amani na DLL ya zamani. Bash yenyewe ilikuwa bado ya zamani, ndiyo maana dirisha lilifunguka na kutudanganya kwamba mambo ni sawa.

Sasa kwa nini mafaili yale, na si mengine, yalibaki na mkia? Kwa sababu kuna mtu aliondoka jioni akaacha dirisha la amri wazi. Hakufanya kosa lolote. Alikuwa ameacha `tail -f` ikifuatilia faili fulani la kumbukumbu. Windows haikubali faili la programu libadilishwe likiwa linatumika, na dirisha lake lilikuwa limeshika mintty, bash, DLL na maktaba zake. Kwenye Unix jambo hili halina uzito: unaondoa jina la faili, unaweka jipya, na mchakato wa zamani unaendelea na lile la zamani mpaka ufe wenyewe. Kwenye Windows jina na faili havitenganishwi kirahisi hivyo.

Setup ya Cygwin, programu yake ya kusakinisha na kusasisha, inajua hali hii. Ikiwa mbele ya mtu, husimama na kumwonyesha ni michakato gani imeshika faili. Lakini inatafuta michakato ya mashine inayoiendesha, na mshikaji wetu alikuwa kwenye mashine nyingine kabisa. Tena mimi nilikuwa nimeiendesha kwa `-q`, yaani bila maswali, ifanye kazi usiku peke yake. Kwa hali hiyo ikafuata njia yake ya akiba: iliandika faili jipya kwa mkia wa `.new` ili Windows ilibadilishe kompyuta itakapowashwa upya. Ukisoma `/var/log/setup.log.full` unaona jambo hilo.

Nikawasha upya kompyuta yangu. Mafaili yakabaki vile vile. Nikawasha tena, nikidhani sikungoja vya kutosha. Yakabaki vile vile. Ndipo nikaenda kusoma maelezo ya `MoveFileEx`, kazi ya Windows inayotumika kuahirisha badiliko hadi kuwasha upya, na jibu limeandikwa pale bila kuficha: faili haliwezi kuwa kwenye diski ya mtandao, kwa sababu mabadiliko hayo yaliyoahirishwa hufanyika kabla mtandao haujawa tayari. Kwa hiyo ile njia ya akiba, ambayo kwenye diski ya ndani inafanya kazi vizuri, kwenye diski ya mtandao ni ahadi isiyoweza kutimizwa. Ningewasha upya mara mia.

Nilipoangalia upande wa seva kwa `smbstatus -L`, amri ya Samba inayoonyesha mafaili yaliyoshikwa, mshikaji hakuwa mmoja tena. Wenzangu walikuwa wamefika kazini, na kila aliyefungua dirisha kuona kama kweli limeharibika alikuwa ameishika DLL ya zamani upya. Kadiri tulivyochunguza ndivyo tulivyozidi kulifunga faili lile.

Hapo nilipata kishawishi ambacho naona ni muhimu kukieleza, maana kinaonekana kama ujanja wa maana. Seva ni Linux. Ningeweza kuingia humo moja kwa moja na kutumia `mv` kubadilisha majina, na Linux isingenizuia. Niliacha, kwa sababu ya namna Cygwin inavyozaa michakato. Windows haina `fork`, kwa hiyo Cygwin huiigiza: inaanzisha mchakato mtoto, inaunakilia kumbukumbu ya mzazi, na inataka maktaba zote za mtoto zikae kwenye anwani zile zile za mzazi. Mzazi mwenye DLL ya 3.4 akizaa mtoto anayepakia DLL ya 3.5 kutoka njia ile ile, hawaelewani. Hata eneo la kumbukumbu wanaloshirikiana lina namba ya toleo, na zikitofautiana mchakato unakufa papo hapo na ujumbe wa kutopatana. Ningekuwa nimeyageuza madirisha yote yaliyokuwa wazi kuwa mabomu, na ndani ya baadhi yake kulikuwa na rsync za watu zikinakili mafaili.

Tulifanya kwa njia ya polepole. Kila mtu alimaliza alichokuwa nacho akafunga dirisha. Nilingoja mpaka `smbstatus` isionyeshe hata mstari mmoja unaotaja folda ile, nikabadilisha majina, nikafungua dirisha, nikaandika `uname -r` nikaona 3.5, kisha `ls`. Orodha ikatoka.

Huo ulikuwa mwisho wa dharura, lakini sikuweza kuacha mambo pale. Kilichonisumbua ni kwamba tulikuwa tumeishi na mpango ule kwa muda mrefu bila ajali, na nikaanza kujiuliza ni vitu gani vingine vinaonekana vizuri kwa sababu tu havijakutana na usiku mbaya.

Wazo la kugawana mfumo wa Unix juu ya mtandao si geni. Mashine zisizo na diski ziliishi hivyo tangu miaka ya 1980, zikipata `/usr` kupitia NFS, njia ya Unix ya kugawana folda kwenye mtandao. Mwongozo wa mpangilio wa folda za Unix, unaojulikana kama FHS, unayapanga mafaili kwa maswali mawili tu: je, yanaweza kugawanwa na mashine nyingi? Na je, yanabadilika bila mkono wa msimamizi? `/usr` inagawanwa na haibadiliki. `/etc` haibadilikibadiliki lakini kila mashine ina yake. `/var/run` inabadilika na haigawanwi kabisa. Waliotangulia walitenga folda hizo kwa sababu waliumia. Sisi tulichukua zote, pamoja na `/tmp` na `/home`, tukazitupa kwenye folda moja ya Z:, na watu wote wakapewa ruhusa ya kuandika.

Nilianza na `/tmp`. Skripti yetu mojawapo ilikuwa inaandika faili la muda lenye jina lisilobadilika. Watu wawili wakiiendesha wakati mmoja, wanaandikiana juu. Nina hakika yale matokeo mawili matatu ya ajabu tuliyowahi kulaumu data yalitoka hapo. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`, faili linalosema folda ipi inapachikwa wapi:

`none /tmp usertemp binary,posix=0 0 0`

Neno `usertemp` linaifanya `/tmp` ya kila mtu iwe folda yake mwenyewe ya muda ndani ya Windows, kwenye diski ya ndani. Ni ya haraka zaidi pia.

`/home` ilikuwa na hadithi yake. Mwenzetu mmoja alikuwa analalamika kwamba ssh, programu ya kuingia kwenye mashine za mbali, inakataa ufunguo wake wa siri kwa madai kwamba unasomwa na kila mtu. Anaandika `chmod 600`, amri inakubali bila kulalamika, kisha `ls -l` inaonyesha ruhusa zile zile za mwanzo. Sababu ni kwamba folda yake ilikuwa imepachikwa kwa chaguo la `noacl`, ambapo Cygwin haihifadhi ruhusa halisi bali huzibuni tu kwa kukisia. Na tuliweka `noacl` kwa sababu bila hiyo akaunti za seva hazikulingana na akaunti za Windows, na `ls -l` ilijaa `Unknown+User`. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na maumivu yake. Ufumbuzi ulikuwa kuitoa nyumba ya mtu kwenye diski ya mtandao. Tangu mwaka 2015 jambo hilo ni rahisi: kwenye `/etc/nsswitch.conf` unaandika `db_home: windows`, na kila mtu anapata folda yake ya Windows kama nyumba, yenye ruhusa zinazoeleweka. Ufunguo ukakubaliwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu kasi nitasema kidogo. `ls` ya kawaida huvumilika. Kinachoua ni skripti za `configure`, zinazoandaa ujenzi wa programu, na zile zinazoita amri ndogo mamia ya mara ndani ya mzunguko. Kila amri ni mchakato mpya, na kila mchakato ni safari kadhaa kwenda kwenye seva na kurudi. Kwa folda zenye mafaili mengi, chaguo la `exec` husaidia, kwa sababu Cygwin haitalazimika kufungua kila faili kusoma herufi zake za mwanzo ili ijue kama ni programu. Lakini anayejenga programu kubwa kutwa nzima anahitaji nakala ya ndani. Watu watatu wetu wako hivyo.

Na hizo nakala za ndani ndizo zilizonifunza kitu ambacho hakionekani mpaka kikuume. Mmoja wao alijinakilia Cygwin nzima kwa kuibana kwenye zip na kuifungua kwake. Baada ya hapo `awk` ikakataa kabisa. Tuliifungua kwa kihariri cha maandishi tukakuta faili la herufi chache tu, linaanza na `!<symlink>` na baada yake jina la gawk. Kwenye Cygwin `awk` ni kiungo kinachoelekeza kwenye gawk, na viungo vya aina hii ni mafaili ya kawaida yenye maandishi hayo pamoja na alama ya “System” ya Windows. Bila alama hiyo, Cygwin inaliona kama faili la maandishi tu. Zip ilikuwa imeitupa alama. Robocopy huitunza kwa kawaida yake, kwa hiyo sasa nakala zote za ndani hutolewa kwa `robocopy /MIR`, na wakati wa kusakinisha tunaiambia Setup `--symlink-type sys` ili viungo vyote viwe vya aina hiyo moja inayonakilika. Upande wa Samba ni lazima `store dos attributes` iwe imewashwa, la sivyo alama hizo zinapotea hata kabla ya kunakiliwa.

Baada ya hayo nikarudi kwenye kiini: sasisho. Uamuzi wangu, ambao niko tayari kuutetea mbele ya yeyote, ni kwamba mfumo unaoendeshwa kutoka diski ya mtandao haupaswi kusasishwa pale pale ulipo, hata usiku, hata ukiwa na uhakika kwamba watu wote wamelala. Toleo jipya linawekwa kando, kwenye folda yake. Sasa tuna `Z:\unix\a`, kisha `Z:\unix\b`, na kuendelea. Nasakinisha upya kabisa kwenye folda mpya, kwa `-B` ili Setup isidai haki za msimamizi. Hilo la haki lina sababu: herufi za diski ni za kikao cha kuingia, na programu iliyopandishwa hadhi kuwa ya msimamizi huwa haiioni Z: ya mtumiaji kabisa. Kisha najaribu, naifungia folda isiandikwe na mtu, na ndipo skripti ya kuingia kwenye Windows inabadilisha njia ya mkato ya kila mtu ielekee folda mpya. Mwenye dirisha la zamani anaendelea nalo. Kesho akifungua jipya, yuko kwenye toleo jipya.

Mpango huu usingewezekana zamani. Kabla ya Cygwin 1.7, iliyotoka Desemba 2009, DLL mbili tofauti kwenye mashine moja ziligombana. Tangu hapo kila usakinishaji una ufunguo wake unaotokana na njia ya folda ulimo, na michakato ya ufunguo mmoja haichanganyiki na ya mwingine. Ndiyo sababu nilikataa pendekezo la mwenzangu, lililoonekana safi kabisa, la kuweka kwenye seva kiungo kimoja kiitwacho `sasa` na kukigeuza kila toleo jipya linapokuja. Watu wangepita njia ile ile, ufunguo ungebaki ule ule, na mtu mwenye dirisha la zamani akifungua jipya angekutanisha DLL mbili chini ya ufunguo mmoja. Tungerudi pale pale. Majina ya folda lazima yatofautiane machoni pa mashine za watumiaji.

Kwa sababu hiyo hiyo tuliamua wote watumie Z:, asiwepo wa kuingia kwa `\\seva\unix`. Kulikuwa na mmoja aliyefanya hivyo, na kwenye mashine moja alikuwa na madirisha mawili ambayo `ps` (amri ya kuorodhesha michakato) ya moja haikuona michakato ya lingine. Kwa Cygwin hizo zilikuwa nyumba mbili. Zaidi ya hapo, `cmd.exe` haikubali njia ya namna hiyo kuwa folda ya kazi, hivyo faili la `.bat` likiitwa kutoka humo linaanzia kwenye folda ya Windows, na hapo ndipo mambo hufutika pasipostahili.

Kuna udhaifu mmoja ambao mpangilio haujauondoa. Mtandao ukikatika hata kidogo, programu inayojaribu kusoma kurasa zake ambazo bado ziko kwenye seva inakufa na kosa 0xC0000006. Kwa kazi ndefu za usiku, nawaambia watu waziendeshe kutoka nakala ya ndani.

Toleo la `c` liliingia juzi saa sita mchana, watu wakiwa kazini. Jioni `smbstatus` ilionyesha madirisha manne bado yamo kwenye `b`. Leo limebaki moja, la yule yule wa `tail -f`. Sijamwambia alifunge. Likifungwa, nitaifuta `b`.